Jibu: Fomu ya tathmini ya farasi mchanga iliyorejeshwa

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umeeleza kuwa tajiri wako huko Uingereza amekuachia kazi ya kumwandikisha farasi wa miaka mitatu kwenye tathmini ya vipaji vya kuruka viunzi, na fomu imerejeshwa kwa kuwa namba ya chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa mwilini mwa farasi, hailingani na iliyomo katika pasipoti yake, yaani kitabu chake cha utambulisho. Nilipofanya kazi kwenye mazizi ya huko, kabla ya kurudi Unguja, tatizo hili nililikuta zaidi ya mara moja.

Anza na farasi mwenyewe, si karatasi. Mwombe daktari wa mifugo apitishe kisomeo cha chipu upande wa kushoto wa shingo, chini ya singa, ambako chipu huwekwa, kisha mlinganishe tarakimu zote 15 moja moja na zilizomo katika pasipoti, kwani aghalabu huwa ni tarakimu mbili zilizopishana wakati wa kunakili. Kosa likiwa ndani ya pasipoti, shirika lililoitoa ndilo lenye kurekebisha. Wewe usiandike chochote humo. Angalia pia jina la mmiliki, maana mnunuzi hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 30.

Ama tathmini yenyewe, farasi wa umri huu huruka bila mpandaji. Mzoeshe kusimama kimya anapoguswa miguu, na kwenda matiti, yaani mwendo wa kati ya kutembea na kukimbia, kamba ikiwa imelegea, kwa sababu anayevutwa kichwa hawezi kuonesha mwendo wake. Viunzi viwe vya chini na vichache: mifupa yake bado inakua, na mimi singekubali arushwe kila siku hata tajiri akihimiza.