Anti, nimeambiwa nitupe dawa za kifafa ili nifunguliwe

Kwa wasomaji wangu, binti huyu ana miaka 24, yuko Mbeya, anaanguka kifafa tangu akiwa form two, na bibi yake mzaa baba naye alikuwa anaanguka hivyo hivyo. Kaenda kwenye huduma moja ya maombezi, wakamwambia ni kifungo cha ukoo, atoe laki tatu sadaka ya kujikomboa na dawa azitupe kama ishara ya imani. Kazitupa. Juzi kaangukia jiko la mkaa, mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko, kuwapigia wakamjibu imani yako haijafika kiwango. Sasa anauliza, Anti, kwani mi imani yangu ndogo kiasi gani?

Mwanangu, pole sana, na huo mkono upelekwe hospitali leo kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mi mwenyewe ni mlokole, naamini Yesu anaponya, kwaiyo usidhani nakuvunja moyo. Ila najua watakupigia Marko 9, yule kijana aliyekuwa anaangushwa kwenye moto na kwenye maji, watasema unaona, kifafa ni pepo. Sawa, wasome na Mathayo 4:24 basi, pale wameletwa wenye pepo na wenye kifafa, wametajwa mbalimbali, na wote wakaponywa. Halafu kwenye hiyo hiyo Marko 9 baba wa mtoto alisema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, yani kakiri kabisa kwamba imani yake ina matobo, na mtoto akapona vilevile, hakuna aliyemwambia arudi nyumbani akaongeze kiwango.

Hilo la bibi yako nimeona ndo linakunyima usingizi kuliko hata kuanguka kwenyewe. Soma Ezekieli 18:20, mwana hachukui uovu wa baba yake, sembuse wa bibi. Kifafa kinaweza kuwemo kwenye familia kama kisukari kinavyokuwemo, sio deni la mizimu unalotakiwa ulipe wewe.

Na hela jamani! Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma, Gehazi mtumishi wa Elisha akazikimbilia kwa siri akaondoka na ukoma huo. Nchi hii tumeshaona mengi, 2011 watu walipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, na bei ilikuwa shilingi 500 tu, wapo waliorudi wakaacha ARV, dawa za ukimwi. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hao hawakuwa wajinga, walikuwa wamechoka kuumwa kama wewe.

Dawa za kifafa ukiacha ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, wengine linaunganisha bila kupumzika na hapo mtu anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka watu 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na wakazimeza vizuri. Kwaiyo rudi kliniki, mwambie daktari ukweli kwamba ulizitupa, atagomba kidogo we vumilia, ila usianze mwenyewe wala usimeze mbili mbili kufidia. Nyumbani waambie ukianguka wakulaze ubavu, wasikuwekee kijiko mdomoni, wasikukimbie eti povu linaambukiza maana haliambukizi, na ikipita dakika tano hujatulia watafute gari.

Maombi usiache. Tafuta wazee wa kanisa lako, wale wanaokujua na kwenu wanapajua, wakupake mafuta kama Yakobo 5 inavyosema, wakuombee na vidonge vyako viko kwenye mkoba, Mungu hatakasirika. Ukipona kabisa daktari ndo atakupunguzia dozi taratibu na hapo utatoa ushuhuda wenye vyeti.

Hiyo laki tatu, umeandika umeshalipa nusu. Nusu iliyobaki usitume, hata wakikupigia usiku na kukutisha, ni nauli yako ya kliniki hiyo.