Je, kuchukua kinyama cha uvimbe husambaza saratani?

Swali: Mama yangu, mkazi wa Pongwe, ana uvimbe titini usiouma. Hospitalini Tanga wanataka kuuchoma sindano na kuchukua kinyama. Majirani wanasema saratani ikiguswa na chuma hutawanyika, na muuza dawa mmoja wa Ngamiani ana unga unaoua seli mbaya peke yake. Tufanye nini?

Jibu: Mama akubali kipimo, na asikiahirishe. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini hakuna jicho wala mkono unaoweza kulithibitisha hilo bila hadubini, na kutouma si dalili ya usalama.

Hofu ya chuma naisikia mno hapa maabara, nayo inaua. Seli haijigawi kwa kuguswa. Hunakili kwanza kromosomu zake zote 46, yaani vifurushi vinavyobeba jeni, kisha nyuzi nyembamba huzivuta nakala hizo pande mbili ili kila seli changa ipate seti kamili. Katika hatua hizo seli hujikagua, na ikikuta kosa husimama ilirekebishe au hujiua yenyewe. Saratani huanza pale makosa ya jeni yanapouharibu ukaguzi huo, jambo linalotokea muda mrefu kabla ya sindano yoyote. Seli moja ikizidi kujigawa bila kizuizi, kufikia mzunguko wa 30 uzao wake umevuka bilioni 1, kiasi kinachoweza kuwamo katika uvimbe wa sentimita 1 tu. Ili zisambae, seli hizo lazima zipenye kuta za mishipa, zinusurike ndani yake, kisha zishike mahali papya. Uwezo huo hautoki kwenye sindano. Seli huupata zenyewe kadiri zinavyoachwa ziendelee kujigawa. Majirani wamemwona aliyepasuliwa akafariki, lakini hawaihesabu miezi aliyoimaliza kwa waganga kabla ya kufika hospitalini.

Kuhusu unga, sidharau mimea. Dawa ya vinkristini, inayozuia nyuzi nilizozitaja zisiivute kromosomu, ilitokana na ua la vinka lenye asili ya Madagaska. Hata hivyo hutolewa kwa kipimo cha miligramu chache, kwenye mshipa tu, huku damu ikipimwa, kwa kuwa dawa za namna hii huzidhuru pia seli zenye afya zinazojigawa haraka, kama za uboho ulio ndani ya mifupa na za mizizi ya nywele. Anayeahidi unga wa kijiko unaochagua seli mbaya peke yake, bila hata kujua kama uvimbe huo ni saratani, anawadanganya wagonjwa, na nashangaa kuwa anaachwa auze hadharani.

Wala jambo hili haliishii kwenye titi. Tezi inayokua shingoni, kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, damu inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma kabisa kwa umri: yote hayo yapelekwe hospitali yakapimwe kabla mgonjwa hajanywa wala kupaka chochote.