Wakili, nichukue utengano au nidai talaka?

*Shikamoo Wakili. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Rajkot, India, kwa ibada ya Kihindu, mwaka wa 9 huu. Naishi Ahmedabad na binti yetu. Mume wangu amehamia Surat kwa mwanamke mwingine, wala hafichi. Mama mkwe ananisihi nisidai talaka kwa sababu wifi yangu wa mwisho bado hajaolewa. Ati nichukue utengano wa mahakama, nibaki mke. Hiyo ni nusu talaka? Akifa yeye au nikifa mimi inakuwaje? Na mangalsutra, mkufu wangu wa ndoa, nivue? – Mama Diya, Ahmedabad*

Marahaba, Mama Diya. Nianze na shingo yako, maana swali hilo limenigusa. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 haina kifungu kinachokuagiza uvae mangalsutra wala uivue. Na hata jaji akishatoa hukumu ya utengano, bado wewe ni mke wa mtu.

Nilisomea sheria Pune, na mchana mwingi niliumalizia kwenye benchi za korido ya mahakama ya familia, nimeshika mafaili ya wakili niliyekuwa najifunza kazi kwake. Siku moja mteja wetu alitoka na hukumu yake, akaikunjua, akaikunja, akaikunjua tena. Akauliza, "Sasa mimi ni nani?" Wakili akamjibu, "Mke asiyelazimika kupika." Sote tulicheka, yeye wa kwanza. Na kisheria jibu lile halikuwa na kosa.

Kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinakuondolea wajibu wa kuishi na mumeo, basi. Sababu za kuuomba utengano ni zilezile za talaka, na yako ipo: uzinzi. Tangu 2018 uzinzi si jinai India, lakini kwenye shauri la ndoa bado una uzito wake. Mwanamke wa Surat hawezi kuolewa na mumeo wewe ukiwa mkewe. Akimwoa, ndoa hiyo ni batili na mumeo anaweza kufungwa hadi miaka 7. Nadhani hilo ndilo linalokuvutia kidogo, na sikulaumu.

Sasa sikiliza jambo ambalo mama mkwe hakukwambia, labda halijui. Hukumu ya utengano ikishatimiza mwaka 1 bila ninyi kurudiana, *yeyote* kati yenu anaweza kwenda kuomba talaka kwa sababu hiyo tu. Yeyote, pamoja na yeye aliyekukosea. Zamani muda huo ulikuwa miaka 2. Mwaka 1976 wakaupunguza. Kwa hiyo ukidhani unamfungia mlango, huenda ndiyo kwanza unampa ufunguo. Haupati bure lakini: mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilimnyima talaka mume aliyekaa mwaka wake wa utengano bila kulipa matunzo aliyoamriwa, huku akiendelea na hawara wake. Walimwambia kwamba hawezi kufaidika na kosa lake mwenyewe.

Ndiyo maana nakusihi, matunzo yako na ya binti yaingie kwenye maombi yaleyale, na uombe pia ya muda wakati shauri linaendelea. Amri iliyoandikwa ina nguvu kuliko ahadi za jikoni kwa mama mkwe.

Kuhusu kifo: mume akifa bila wosia, wewe, binti yako na huyohuyo mama mkwe mnarithi mafungu sawa katika mali yake. Utengano hauligusi hilo, talaka ingekutoa. Ila mali aliyoichuma mwenyewe anaweza kumwandikia amtakaye, Surat ikiwemo. Upande wa pili watu husahau: ukifa wewe bila wosia, yeye anagawana na binti yako sawa kwa sawa. Hata dhahabu uliyotoka nayo Tanga. Andika wosia wiki hii, kabla hata ya kumtafuta wakili wa shauri.

Nusu talaka? Hapana. Ni ndoa iliyosimamishwa kazi. Kwa mtu anayetaka kupumua, au anayeona mwenzake bado anaweza kurudi, inafaa sana, na mkipatana mahakama inaweza kuifuta hukumu hiyo. Lakini wewe hujaandika popote kwamba unamtaka arudi. Umeandika habari za wifi. Ningekuwa mimi, nisingeipanga ndoa yangu kwa kalenda ya harusi ya mtu mwingine.

Shauri lenyewe unaweza kulifungua hapohapo Ahmedabad. Tangu 2003 mke anaruhusiwa kushtaki anakoishi, huna haja ya kumfuata Surat. Beba cheti cha ndoa, au picha za harusi mkiuzunguka moto kama cheti hamkuchukua, na uthibitisho wowote wa anwani yake mpya.