Jibu: Kuorodhesha vyombo vya jikoni kabla ya kuhama
Dada, umeuliza uanzie wapi kuandika vyombo vya jikoni kabla hujahama Ujiji kwenda Tabora. Daftari baadaye. Kwanza fungua kabati, piga picha kila rafu ilivyo.

Sufuria ziandike kwa kiasi zinachopika (ya kilo moja, ya kilo mbili) pamoja na mifuniko yake. Mimi nilikuta sufuria sita, mifuniko minne. Miwili ilikuwa kwa jirani tangu arobaini ya mtoto wake, na sufuria kubwa ya pilau nayo hukohuko! Kwa hiyo weka safu ya "iko kwa nani".

Vijiko hesabu jumla tu. Mtungi wa gesi andika kilo zake. Dumu la mawese usilichanganye na vyombo, likivuja utajuta.