Anarudia Kila Tunalosema: Je, Kishikwambi Kitamsaidia?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 6 na ana usonji. Nikimuuliza, "Unataka uji?" hunijibu, "Unataka uji?" Akigombezwa husema, "Watoto, kaeni chini!" kama mwalimu wake. Mtaalamu wa tiba ya usemi ametushauri tumpatie kishikwambi chenye picha zinazotamka maneno zinapoguswa, lakini bibi yake anapinga, kwa kuwa anaamini mtoto akizoea mashine hataongea tena. Nimsikilize nani? Mama, Tanga.

JIBU: Mama, hofu ya bibi inatokana na upendo, na wazazi wengi wanayo, ila ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliosaidiwa kwa ishara, picha au vifaa vya kutamka. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara zaidi, asilimia 89 waliongeza usemi wa kinywa, ingawa kwa kiasi kidogo, na hakuna hata mmoja aliyepungukiwa.

Hata hivyo, kifaa hakitafaa ikiwa nyumbani mtaendelea kuuona urudiaji kuwa kelele ya kukomeshwa. Daktari wa akili za watoto, Leo Kanner, aliueleza tangu mwaka 1943 alipoandika kuhusu watoto wenye usonji, lakini ni watafiti Prizant na Duchan, mwaka 1981, walioonyesha kwamba mtoto anaporudia anaweza kuwa anaomba, anakubali, anashika zamu yake katika mazungumzo au anajielekeza mwenyewe. Kwa hiyo "Unataka uji?" yaweza kuwa ombi kamili, na yale maneno ya mwalimu huenda ndiyo njia aliyonayo ya kusema kwamba amekaripiwa na ameogopa. Andika katika daftari kila sentensi anayoirudia, pamoja na kilichokuwa kikitendeka, kisha umpelekee mtaalamu, kwa sababu kifaa kinapaswa kujazwa kutokana na daftari hilo.

Sauti ya kifaa nayo ataiiga, kwa hiyo irekodiwe kama vile yeye ndiye msemaji: "Nataka uji," wala si "Unataka uji?" Programu nyingi zimejengwa kwa lugha ambazo neno moja moja linajitosheleza, lakini kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji na wakati ndani yake, na picha inayotamka "kutaka" peke yake humwachia mtoto kazi ngumu ya kuunganisha. Kwa mtoto anayejifunza kwa sentensi nzima, naona ni bora kuanza na sentensi nzima. Mtoto wa rika lake katika ukoo anaweza kuzirekodi. Msiishie kwenye chakula: muwekeeni pia "Sitaki", "Imetosha", "Naogopa", "Nisaidie" na "Njoo tucheze", maana mtoto aliyepewa maneno ya kuomba tu hana la kusema anapoumia.

Kubwa kuliko yote ni ninyi watu wazima kukitumia kifaa mbele yake. Unapomimina uji, gusa picha, sema "Nataka uji" kwa niaba yake, kisha nyamaza umsubiri, bila kumwamuru aseme wala kumshika mkono kwa nguvu. Akisema kwa kinywa, mpe uji papo hapo. Usimlazimishe kugusa tena.

Kishikwambi hicho kisiwe cha katuni, na kamwe asinyang'anywe kwa adhabu, kwa kuwa ni sawa na kumziba mdomo. Chapeni picha zilezile kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki, ili umeme ukikatika au chaji ikiisha asibaki bila maneno. Hata familia isiyo na uwezo wa kununua kifaa inaweza kuanza na karatasi hiyo.

Kama masikio yake hayajawahi kupimwa, mpeleke hospitali akapimwe. Mwombe pia mtaalamu azungumze na mwalimu, ili kifaa kiruhusiwe darasani na si wakati wa mapumziko tu.