Kwa mwanaharakati aliyejifungua juzi

Dada yangu, hongera. Nazijua salamu ulizopokea tangu utoke leba. Wapo waliokuambia sasa utatulia. Wapo waliokuambia sasa utaelewa kwa nini wanawake wengine hawana muda na mambo ya haki. Na wapo wenzetu wa kwenye harakati ambao hawakusema neno, waliacha tu kukupigia simu. Mimi ni mfeministi, yaani mpigania usawa wa wanawake na wanaume, na ni mama wa watoto wawili, wa kike na wa kiume, na maneno ya aina zote hizo nimeyasikia. Ninachokiamini baada ya miaka yote hii ni kimoja: malezi ni kazi, tena ni kazi ya jamii nzima, na anayeifanya hana sababu ya kuiombea radhi, si nyumbani wala kwenye harakati. Yote ninayokushauri hapa yanatoka humo.

Nyumbani kwanza, maana ndiko wengi wetu tunakoumia kimyakimya. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kila siku binadamu tunatumia saa bilioni 16.4 kwenye kazi za malezi na za nyumbani zisizolipwa. Ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 kwa siku bila ujira. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo, asilimia 76.2, zinabebwa na wanawake. Na hizo ni zile zinazoweza kupimwa. Kazi ya kukumbuka haionekani kirahisi kwenye saa, kwa sababu unaifanya huku unafanya nyingine: unaoga unawaza maziwa yameisha, uko kwenye daladala unajiuliza nani atamchukua mtoto kesho.

Kwa hiyo chukua daftari. Kwa wiki nzima andika kila kazi ya mtoto na ya nyumba, na usiandike zile za mikono peke yake. Andika "kukumbuka tarehe ya chanjo". Andika "kugundua viatu vimeanza kumbana". Andika "kujua dawa ya homa imebaki kiasi gani kwenye chupa". Pembeni ya kila kazi weka jina la anayeibeba. Mimi na mume wangu tulilisoma la kwetu usiku, watoto wamelala. Alipofika kwenye chanjo akaniuliza, "Hivi tarehe huwa unazijuaje?" Nikamletea kadi ya kliniki, nikamwonyesha tarehe ambazo muuguzi aliziandika kwa mkono. Akaisoma yote, akaiweka kwenye mkoba wake wa kazini. Tangu hapo kliniki ikawa yake: tarehe, foleni, homa ya baada ya sindano, kila kitu.

Hapo ndipo penye ushauri wangu mkubwa kwa walio kwenye ndoa. Msigawane vipande vya kazi, gawaneni kazi nzimanzima, kuanzia kuikumbuka hadi kuimaliza. Mwanaume anayengoja aambiwe afanye nini, lini na vipi, amekuachia sehemu iliyo ngumu zaidi, hata kama vyombo kaosha yeye. Na akishaichukua kazi, usimsimamie. Akimvalisha mtoto nguo zisizoendana, mtoto amevaa. Kama unalea peke yako, daftari hilohilo litakufaa kwa namna nyingine: watu wakikuuliza "nikusaidie nini?" wewe unakosa jibu kwa sababu umechoka hata kufikiri. Ukiwa umeandika, unamsomea mdogo wako mistari miwili naye anachagua.

Lakini tusidanganyane kwamba haya yote yanaisha kwa kupata mume mwelewa. Uswidi iliweka likizo ya uzazi kwa wazazi wote wawili mwaka 1974, wagawane wenyewe wanavyotaka. Miaka ikapita na akina baba wengi hawakuichukua, siku zao waliwaachia wake zao. Mwaka 1995 serikali ikatenga mwezi mmoja kwa kila mzazi, ambao usipoutumia unapotea, na hapo ndipo akina baba wengi zaidi walipoanza kubaki nyumbani na watoto. Leo kati ya siku 480 za likizo, siku 90 ni za kila mzazi peke yake. Wanaume walikuwa walewale na mapenzi kwa watoto yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni sheria.

Angalia na hili. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 kuhusu ulinzi wa uzazi unataka likizo isiyopungua wiki 14. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Miezi 6 ni kama wiki 26. Hizo wiki 12 zinazobaki katikati nani anazibeba? Anazibeba mama anayejikamua chooni kazini, mlango ameushikilia kwa mguu kwa sababu komeo limeharibika, sikio lake liko nje akisikiliza kama kuna anayekuja. Nimekuwa mama huyo. Mkataba huohuo unampa haki ya mapumziko ya kunyonyesha, na yahesabiwe kuwa ni saa za kazi zenye malipo. Uliza kama nchi yako imeuridhia, na hata kama haijauridhia, uliza mwajiri wako ameweka utaratibu gani. Uliza kwa maandishi, na kama hapo kazini kuna wengine walio wajawazito au wanaonyonyesha, ulizeni pamoja.

Sasa maadili, maana hapa ndipo tunaposemwa zaidi. Tunaambiwa ufeministi unaharibu watoto, kwamba binti wa mfeministi hana adabu na mtoto wake wa kiume ni laini. Mimi naipenda heshima. Nimelelewa nayo na ninaifundisha. Ila naikataa heshima inayomtaka mtoto awe bubu. Binti yangu akiwa mdogo alikataa kukumbatiwa na mgeni mmoja wa kiume, mtu wa familia, aliyezoea kuwavuta watoto kifuani kwake. Sebule nzima ikageuka kunitazama. Nikamwambia binti yangu, "Msalimie anko kwa mkono, kukumbatia si lazima." Akanyoosha mkono, akasalimia vizuri, akarudi kukaa. Shangazi yangu alinung'unika mpaka jioni. Sikubishana naye mbele ya watu, lakini tulipobaki wawili nilimwambia kwamba mtoto aliyezoeshwa kwamba mkubwa ana haki na mwili wake atashindwa kusema siku mkubwa mwenye nia mbaya atakapomshika. Shangazi alinyamaza muda mrefu. Kisha akanisimulia jambo lake la utotoni ambalo sitaliandika, ni lake.

Kwa hiyo mfundishe mtoto salamu, shukrani, kusubiri zamu, kumpisha mzee. Na mfundishe kwamba "hapana" yake kuhusu mwili wake inasikilizwa na wewe kwanza. Mambo hayo hayagombani.

Kwa mtoto wa kiume usingoje abalehe ndipo uanze kumhubiria usawa. Anajifunza kwa anachokiona na anachokifanya. Wangu aliingia jikoni umri uleule na dada yake, na zamu ya kudeki ni zamu ya kudeki. Akilia hatumwambii anyamaze kwa kuwa ni mwanaume, tunamuuliza kimemsibu nini. Nasikia wasiwasi wa akina mama wengi kwamba dunia itamcheka. Itamcheka kidogo, ndiyo. Lakini mtoto aliyezuiwa kulia anakua akibaki na hasira peke yake, na tunaofanya kazi na wanawake waliopigwa tunajua hasira hiyo inaishia kwa nani.

Jambo moja nakuomba ulilinde sana: usiruhusu uzazi wako utumiwe kumpiga mwanamke mwingine. Nguvu ya mama kwenye harakati ni kubwa, historia inasema. Mwaka 1977 akina mama wachache wa Argentina walianza kuzunguka uwanja wa Plaza de Mayo wakidai watoto wao waliotoweka mikononi mwa utawala wa kijeshi. Walijifunga vichwani vitambaa vyeupe ambavyo mwanzoni vilikuwa nepi za watoto. Mmoja wa walioanzisha, Azucena Villaflor, alitekwa na kuuawa mwaka huohuo, na wenzake hawakuacha kuzunguka. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa nchini Kenya waligoma kula Uhuru Park, Nairobi, wakiwa na Wangari Maathai, ambaye naye alikuwa mama wa watoto watatu. Polisi walipowavamia, baadhi ya wale kina mama walivua nguo zao mbele yao. Ninasimama kwa heshima nikiwakumbuka.

Hata hivyo, jamii inayomsikiliza mwanamke kwa sababu tu ni mama wa mtu itamnyima sikio asiyezaa, aliyepoteza mimba, au aliyeamua hataki mtoto. Hao ni wenzetu. Wengi wao ndio waliotushikia mabango wakati sisi tukinyonyesha. Ukisikia anaambiwa "wewe huwezi kuelewa, hujazaa", usikae kimya eti kwa kuwa wewe umezaa na limekupita. Na zile sifa za "nani kama mama" zipokee kwa furaha, ila zisifanywe malipo. Anayekusifia uvumilivu wako huku amekaa, mwambie ainuke.

Kuhusu picha na mitandao nitasema kifupi: mtoto wako si bango. Unaweza kuandika juu ya uzazi wako bila kuweka uso wake, shule yake au ugonjwa wake. Wanaotutukana sisi hawachagui umri.

Nimalizie na harakati zenyewe, na hapa nazungumza zaidi na wanaoziongoza. Nilihudhuria kikao kimoja kilichoanza saa 12 jioni, mada ikiwa mzigo wa kazi za nyumbani kwa wanawake. Mwanangu wa pili alikuwa bado ananyonya. Alianza kulia, mwenyekiti akaniomba nitoke ili wengine wasikie. Nikasimama kwenye ukumbi wa nje, mlango uko wazi kidogo, nambembeleza huku nasikia watu wakijadili maisha yangu bila mimi. Akatoka mama mmoja mtu mzima, akanipokea mtoto bila hata kuuliza, akasema, "Rudi ndani ukaseme." Nikarudi, nikasema. Kilichonikaa moyoni ni kwamba nafasi yangu ya kusema ilitegemea wema wa mtu mmoja. Angeweza kuwa hakuja siku ile.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ule wa 1979 tunaounukuu kila siku, unasema kwenye ibara ya 5 kwamba uzazi ni jukumu la kijamii na kwamba kulea ni wajibu wa wanaume na wanawake pamoja. Tunausoma kwa serikali. Tuusome na kwenye ofisi zetu. Tarehe 24 Oktoba 1975, takriban asilimia 90 ya wanawake wa Iceland waliacha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani, pamoja na kulea. Akina baba wengi ikabidi waende na watoto makazini, na mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa wa kijinsia. Wale wanawake walielewa kwamba mtoto akihamia ofisini, ofisi inalazimika kubadilika.

Basi anzeni na bajeti. Malezi yawe na fungu lake, kama usafiri na chakula: mlezi anayelipwa, chumba chenye mkeka na maji, na nauli ya msindikizaji kwa mama anayenyonyesha anayesafiri. Msiseme fedha hazipo kabla hamjaziomba, kwa sababu wafadhili wengi hawajawahi kuliona fungu hilo kwenye andiko la mradi. Vikao vya jioni vipunguzwe, na kinachoweza kuamuliwa kwa simu kiamuliwe kwa simu. Baba mwanaharakati akiulizwa "mtoto umemwachia nani?" kama anavyoulizwa mama, atazoea kuwa na jibu. Na aliyejifungua asiondolewe kwenye orodha kwa huruma: mpigieni, mwambieni kikao ni lini na mtoto ameandaliwa nini, halafu aamue mwenyewe kama anakuja.