Maswali ya Wasomaji: Maumivu makali, ngozi haina kitu

SWALI: Nimesikia kwamba streptokoka, bakteria wa kawaida wa koo, anaweza kumwua mtu ndani ya siku moja au mbili. Nitamtambuaje mapema? Na kwa nini hospitalini hutoa antibiotiki mbili kwa pamoja?

JIBU: Streptokoka wa kundi A akipenya kwenye mkwaruzo, vipele vya tetekuwanga, mshono wa upasuaji au mji wa mimba baada ya kujifungua, anaweza kumwaga sumu zinazoichachamaza kinga ya mwili. Mishipa ya damu huvuja, presha hushuka, figo hukosa damu.

Shikeni hili kwanza: maumivu yasiyolingana na kinachoonekana. Mguu una wekundu kidogo tu, au hauna kitu, lakini mgonjwa hataki hata shuka limguse. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo papasa joto na ugumu. Homa, kutapika na kuharisha huja pia, ndiyo maana wengi hudhani ni mafua. Ibuprofeni hutuliza maumivu na homa, ukali usionekane. Palipokuwa panauma pakifa ganzi, au pakitoka malengelenge ya zambarau, usishangilie nafuu: neva zinakufa.

Mgonjwa akichanganyikiwa, akihema haraka au akikosa mkojo, usisubiri kupima presha, mkimbize hospitali. Namba ya juu ya kipimo cha presha ikifika 90 au chini kwa mtu mzima, mmeshachelewa kiasi.

Hospitalini damu huchukuliwa kwa ajili ya kuotesha vijidudu, lakini dawa haingoji majibu. Dripu ni mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3 za mwanzo, yaani mililita 1,800 kwa mtu wa kilo 60. Kabla kijidudu hakijathibitishwa hutolewa antibiotiki ya wigo mpana (inayoua bakteria wa aina nyingi) pamoja na klindamisini. Kikithibitishwa, kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni penisilini G yuniti milioni 4 kila saa 4 na klindamisini miligramu 900 kila saa 8, zote kwa mshipa. Penisilini huua bakteria wanaozaliana; wakishajaa na kuacha kuzaliana, dawa hiyo hulegea. Klindamisini huzuia utengenezaji wa sumu yenyewe, ila haitumiki peke yake kwa sababu baadhi ya bakteria hao ni sugu kwake.

Nyama iliyokufa haifikiwi na damu, kwa hiyo wala na dawa. Ni lazima ikatwe, na kungojea picha za skani kusicheleweshe kisu.

Wanaoishi na mgonjwa wajiangalie kwa siku 30. Homa au maumivu ya ghafla yawapeleke hospitali siku hiyohiyo.